Mgonjwa mahututi yuko wodini: barua ya wazi kwa Baraza la Madaktari na Baraza la Uuguzi

Kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na wakuu wa vyuo vinavyofundisha udaktari, utabibu na uuguzi nchini.

Waheshimiwa,

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, tena ni mwalimu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusimama kando ya vitanda na madaktari tarajali, matabibu na wanafunzi wa uuguzi, kuwafundisha namna ya kumtambua na kumhudumia mtu ambaye uhai wake uko hatarini saa hiyo hiyo. Ningeweza kuwaandikia kwa njia za kiofisi. Nimechagua barua ya wazi kwa sababu jambo lenyewe linamgusa kila anayeweza kulazwa hospitalini, naye ana haki ya kusikia tunachoambiana.

Hoja yangu naisema mapema. Tiba ya wagonjwa mahututi tunaifundisha mahali ambapo wengi wa wagonjwa hao hawapo. Tunaifundisha ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, kwa wanafunzi wachache, kuelekea mwisho wa masomo yao, na tunaizungushia mashine. Mgonjwa mwenyewe yuko wodi ya kawaida, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, usiku, chini ya muuguzi mmoja na daktari tarajali ambaye anaitwa pia wodi nyingine. Naomba ufundishaji uhamie aliko mgonjwa, muuguzi na daktari wafundishwe pamoja, na asisajiliwe mtu kabla hajashuhudiwa akitenda.

Hili si wazo langu tu. Mwaka 2023, katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, watafiti walipita kitanda kwa kitanda wakimpima kila mtu mzima aliyekuwa amelazwa siku ya uchunguzi. Waliwafikia wagonjwa karibu 20,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2025 katika jarida la The Lancet. Mgonjwa mmoja kati ya kila wanane alikuwa mahututi, maana yake presha, mapigo, upumuaji, oksijeni au fahamu zake zilikuwa zimefika kiwango cha hatari. Kati ya hao mahututi, 69 kwa kila 100 walikuwa wamelala wodi za kawaida. Mmoja kati ya watano alifia hospitalini. Kwa wagonjwa wasio mahututi, waliofariki hawakufika watatu kwa kila 100.

Wagonjwa wetu ni wagonjwa sana, hilo tulilijua hata kabla ya utafiti. Kilichoniuma ni sehemu ya pili ya matokeo hayo. Waliokuwa wakishindwa kupumua, chini ya nusu ndio walikuwa wanapewa oksijeni. Waliopoteza fahamu, nusu hivi ndio walikuwa wamelazwa ubavu au wamesaidiwa njia ya hewa kwa namna yoyote. Waheshimiwa, kumlaza mtu ubavu hakuhitaji bajeti wala zabuni. Kunahitaji mtu aliyefundishwa kuona kwamba mgonjwa huyu haitiki, kwamba ulimi umerudi nyuma na mate yanaelekea mapafuni, na ambaye mikono yake imezoea kumgeuza.

Sasa naomba mnifuate wodini. Chukueni faili, wodi yoyote, hospitali yoyote, mfungue karatasi ya vipimo. Safu ya joto inapanda na kushuka. Safu ya presha vivyo hivyo. Njooni kwenye safu ya upumuaji: 20, 20, 20, 20. Mzee mwenye nimonia, 20. Mama aliyejifungua jana kwa upasuaji, 20. Kijana mwenye malaria kali, anayehema hadi mbavu zinahesabika, naye 20. Kipimo kinachotangulia kuharibika mgonjwa anapoanza kuzidiwa ndicho ambacho hakuna aliyekipima.

Sisemi aliyeandika ni mvivu. Saa ya ukutani haina betri, wodi imejaa, na tangu aanze kazi hajawahi kumsikia daktari bingwa akiuliza namba ile kwenye raundi. Bingwa anauliza majibu ya damu na picha ya kifua. Kwa hiyo mwanafunzi anajifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba ile safu ni ya kujaza tu. Hilo nalo ni somo, nasi ndio tunaolitoa kila asubuhi.

Kundi jipya likifika kwangu naanzia hapo. Kaa. Funua kifua. Angalia saa, hesabu dakika nzima, usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne. Shika kifundo cha mkono wa mgonjwa kana kwamba unapima mapigo, kwa sababu akijua unahesabu pumzi zake ataanza kuziongoza. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akivuka 30 yuko hatarini, hata kama anazungumza, hata kama anakwambia hajambo. Uso wa daktari tarajali unavyobadilika anapofika 30 na dakika bado haijaisha, hakuna mhadhara unaoweza kuleta badiliko lile. Kuanzia siku hiyo anahesabu.

Baada ya kuhesabu ndipo inapokuja kazi, na kazi yenyewe ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2021 wataalamu 272 kutoka nchi 59 walikubaliana juu ya huduma za msingi ambazo kila mgonjwa mahututi anastahili kuzipata katika hospitali yoyote duniani. Walifikia vitendo 40. Ndani yake mna kumkalisha anayehema, kumlaza ubavu asiyejitambua, kufyonza makohozi, kuweka oksijeni, kupima sukari na kutoa glukosi, kufungua njia ya dripu, kutoa antibiotiki mapema, kuzuia damu inayovuja, kumfunika anayepoa, kumwita mwenye ujuzi zaidi. Mashine ya kupumulia haimo. Karibu kila kimoja kinaweza kufanywa na muuguzi au tabibu wa hospitali ya wilaya, mradi amefundishwa na vifaa viko mahali pake.

Siidharau ICU. Nimewaona watu wakitoka humo kwa miguu yao. Ila historia ya ICU yenyewe inatukumbusha ilikoanzia. Agosti 1952, Copenhagen ilikuwa na mlipuko wa polio, na hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache mno za kusaidia upumuaji. Katika wagonjwa ambao misuli ya kupumua ilikuwa imepooza, zaidi ya 80 kwa kila 100 walikuwa wanakufa. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akaitwa. Msichana wa miaka 12 alitobolewa njia ya hewa kooni, Ibsen akaunganisha mfuko wa mpira, akaanza kumpumulia kwa mkono. Msichana akaishi. Nani sasa angeminya mifuko hiyo, mchana na usiku, kwa wagonjwa wengi namna ile? Wakaitwa wanafunzi wa udaktari na wa meno, karibu 1,500 kwa ujumla, wakafundishwa, wakakaa vichwani mwa vitanda kwa zamu, wiki baada ya wiki. Vifo vikashuka chini ya nusu. Tiba hii ilizaliwa wodini, mikononi mwa wanafunzi, kwa kufundishana papo kwa papo. Chumba maalumu na mashine za kisasa vilifuata baadaye.

Sisi tumeanzia upande wa pili. Kuanzia mwaka 2021, kwa sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliofikia takriban shilingi trilioni 1.3, serikali ilijenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali za wilaya na za mikoa, na ikanunua vifaa ambavyo wengi wetu tulikuwa tukiviona kwenye vitabu tu. Lilikuwa jambo jema na nalisema kwa shukrani. Lakini mashine ya kupumulia mikononi mwa asiyefundishwa inaweza kulipasua pafu. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyojeruhiwa vibaya: waliopumuliwa kwa pumzi kubwa walikufa karibu 40 kwa kila 100, na waliopumuliwa kwa pumzi ndogo walikufa 31. Mashine ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni namba iliyoingizwa na mtu.

Namba hiyo inatokana na urefu wa mgonjwa, kwa sababu mapafu hayanenepi mwili unaponenepa. Mama mwenye urefu wa sentimita 160, awe na kilo 55 au kilo 90, anahitaji pumzi ya mililita 310 hivi. Ukikisia kwa uzito wa kilo 90 utamsukumia zaidi ya 500, na kesho utashangaa kwa nini anazidi kuharibika. Kwa hiyo kando ya mashine ya mamilioni lazima pawe na futikamba ya fundi cherehani, na mtu anayejua ni ya kazi gani. Nimeingia vyumba vipya vyenye kila kitu, nikaomba futikamba, haikuwepo. Nawaomba wakuu wa vyuo, mnapoandaa somo la mashine za kupumulia, muanzie na futikamba hiyo.

Jambo jingine linahusu tunachofundisha, na hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu watu wamekufa kwalo. Vitabu vingi tunavyovitumia vimeandikwa kwa ajili ya hospitali ambako kila mgonjwa mahututi anapata kitanda cha ICU. Kwa miaka mingi tulifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Kisha ukaja utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu, Hospitali Teule ya Muheza mkoani Tanga, ukiongozwa na mtafiti Kathryn Maitland wa Kilifi, Kenya. Watoto 3,141 walishiriki. Matokeo ya mwaka 2011 yalishtua dunia: katika saa 48 za kwanza, waliopewa maji mengi kwa haraka walifariki zaidi ya 10 kwa kila 100, na wasiopewa walifariki 7. Maji yaliyokusudiwa kuokoa yaliua.

Miaka sita baadaye yakachapishwa matokeo kutoka Lusaka, Zambia, ambako watafiti waliwafuatilia watu wazima waliopata sumu ya maambukizi kwenye damu huku presha ikiwa imeshuka, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi na dawa za kupandisha presha walifariki 48 kwa kila 100. Waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa hospitali walifariki 33. Tafiti hizi mbili zimefanywa katika hospitali zinazofanana na zetu, kwa wagonjwa wanaofanana na wetu. Na bado nakutana na wahitimu wanaoweza kunitajia miongozo ya Ulaya na Marekani kwa mwaka na toleo, lakini jina la Muheza halijawahi kutajwa darasani kwao.

Naongeza angalizo, maana nimeona pia kosa la upande wa pili. FEAST haikuwahusisha watoto wenye kuharisha wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto aliyekauka kwa kipindupindu akinyimwa maji kwa sababu mtu alisikia juujuu kwamba maji ni mabaya, atakufa kwa kiu. Ndiyo maana matokeo ya tafiti hayawezi kufundishwa kwa vichwa vya habari. Lazima mwanafunzi akae na mwalimu mbele ya mtoto mmoja na waulizane: huyu ni yupi? Amepoteza maji au hajapoteza? Ini lake limeshuka? Mapafu yanasemaje? Baada ya kumpa mililita hizi tumerudi kumwangalia saa ngapi?

Hata kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, ambacho sasa tunamshukuru Mungu kimeenea, kina mambo yake ambayo vitabu vya nje havitatufundisha. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kifaa hicho huficha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi mara tatu hivi zaidi kuliko kwa weupe. Kinaandika 93 wakati damu yenyewe iko chini ya hapo. Kwetu hilo linamhusu karibu kila aliyelala wodini. Piko jeusi na rangi nzito za kucha nazo zinaweza kupotosha usomaji, na kwa wodi za Pwani na Visiwani, baada ya harusi, hilo ni jambo la kila wiki. Mwanafunzi afundishwe kuhamisha kifaa kwenye kidole kingine au sikioni, na akiona namba nzuri juu ya mgonjwa anayehangaika kupumua, amwamini mgonjwa.

Sasa nakuja kwenu, Baraza la Uuguzi na Ukunga, na pia kwa Baraza la Madaktari, kwa sababu jambo hili haliwezi kuamuliwa na mmoja bila mwenzake.

Anayemwona mgonjwa akibadilika ni muuguzi. Kwa saa nyingi za usiku hakuna mwingine. Lakini tumemfundisha kuona na hatujampa mamlaka ya kutenda. Nakutana na wauguzi hodari wanaogundua kwamba oksijeni imeshuka hadi 84, mtungi upo, mpira wa puani upo, nao wanapiga simu na kungoja. Daktari yuko chumba cha upasuaji. Wanaogopa kuulizwa asubuhi: nani alikuagiza? Hofu hiyo ina msingi, maana nimesikia swali hilo likiulizwa kwa ukali mbele ya wodi nzima.

Hospitali ya Taifa Muhimbili kwenyewe kuna mfano unaostahili kufundishwa kila chuo. Katika ICU yao walijaribu utaratibu mwepesi, na wakauchapisha mwaka 2015: kila alama ya hatari ilipewa kipimo chake na tiba yake ya kwanza, watumishi wakafundishwa, na ikawekwa wazi kwamba alama ikionekana hatua ifuate papo hapo. Matibabu ya haraka yaliongezeka sana, na vifo vya wagonjwa waliofika presha ikiwa imeshuka vikapungua. Hawakununua dawa mpya. Waliunganisha kipimo na kitendo.

Kwa hiyo naomba mabaraza yote mawili yatoe tamko moja la maandishi, litakalobandikwa kila wodi nchini, kwamba muuguzi aliyefundishwa anaruhusiwa, tena anatakiwa, kuanza oksijeni, kumlaza ubavu asiyejitambua, kufyonza, kupima sukari na kutoa glukosi ikiwa imeshuka, kabla daktari hajafika, huku akimwita. Na daktari atakayemgombeza muuguzi kwa kufanya hivyo ajue kwamba Baraza lake haliko upande wake.

Linalofuata kwa maana hiyo ni kwamba muuguzi na daktari wafundishwe pamoja. Leo muuguzi anajifunzia kwake, tabibu kwake, daktari kwake, kisha tunawakutanisha kwa mara ya kwanza juu ya mgonjwa anayekata roho na kutegemea waelewane. Nimejaribu kuwaweka pamoja wodini, muuguzi wa zamu na daktari tarajali, mbele ya mgonjwa mmoja, nikamwomba muuguzi ndiye aanze kueleza. Wa kwanza kushangaa huwa ni daktari. Kumbe dada yule alijua tangu saa nne usiku kwamba mgonjwa ameanza kuchanganyikiwa, na alijua kwa sababu mama mzazi wa mgonjwa alimwambia: mwanangu leo hanijibu kama kawaida yake. Ndugu wa mgonjwa wanaona mapema kuliko vipimo vyetu. Kuwasikiliza kunafundishika, na kunapaswa kufundishwa sambamba na kupima presha.

Makabidhiano ya zamu ya usiku ndiyo darasa bora nililowahi kulipata, na ndiyo darasa tusilolitumia. Ufundishaji wetu umefungwa kwenye raundi ya asubuhi. Mabingwa wakishaondoka, anayebaki na mgonjwa mahututi ni mdogo kuliko wote, na hakuna wa kumfundisha. Robo saa tu jioni, kutembea na timu ya usiku kwa wale wagonjwa wanne au watano wanaotia shaka, kuulizana kwa Kiswahili chetu tunachokabidhiana nacho kazi, nani anaweza kuzidiwa usiku huu, tutaonaje, tutaanza na nini, inabadilisha usiku mzima. Walimu wanaofanya hivyo wanafanya kwa moyo wao, na haihesabiki popote katika kazi yao.

Badala yake tumezoea semina. Sizikatai zote. Kozi ya huduma za dharura ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2018, ni nzuri na inafundishwa vizuri na wenzetu wa tiba ya dharura, fani ambayo Muhimbili ilianza kuwaandalia mabingwa wake mwaka 2010. Ninachokikataa ni mtindo wa kuwatoa watu wodini, kuwapeleka hotelini siku kadhaa, kuwapa cheti na posho, kisha kuwarudisha mahali ambapo hakuna anayewafuatilia. Mara nyingi anayekwenda ni kiongozi wa kitengo, si yule anayelala zamu. Cheti kinaingia kwenye faili lake, na safu ya upumuaji inaendelea kuandikwa 20.

Mnayo nyenzo ya kulibadilisha hili, na nyenzo hiyo haigharimu fedha nyingi. Mnasajili. Mnatoa leseni na mnaihuisha. Mtahiniwa atajifunza kile anachojua ataulizwa, na leo anajua ataulizwa maswali ya kuchagua jibu. Wekeni sharti kwamba kabla ya kumaliza mwaka wake, kila daktari tarajali awe ameangaliwa na mwalimu akihesabu pumzi, akifungua njia ya hewa, akiweka oksijeni kwa kiasi sahihi, akiminya mfuko wa kumpumulia mtu hadi kifua kiinuke, na akimwita mkubwa wake kwa maneno yanayoeleweka. Awe ameangaliwa juu ya mgonjwa halisi, au juu ya mdoli pale ambapo haifai kumtumia mgonjwa, na si mara moja tu. Muuguzi na tabibu nao wawe na sharti lao hilo hilo. Na mwalimu aliyekaa naye wodini, akamwangalia na kumsahihisha, apate alama za mafunzo endelevu kama anavyopata aliyehudhuria mkutano mjini.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimewahi kulisikia: walimu ni wachache, wodi zimejaa, oksijeni yenyewe haitoshi. Yote ni kweli. Lakini uchache wa oksijeni ndio unaodai mtu anayejua nani anaihitaji, kwa kiasi gani, na lini apunguziwe ili mwenzake apate. Nimeona mtungi ukimalizikia kwa mgonjwa mwenye 98 huku wa kitanda jirani akiwa 82, na hakuna aliyekuwa amewapima wote wawili. Mei 2023 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, nasi tukiwamo, zilipitisha azimio la kuunganisha huduma za dharura, za wagonjwa mahututi na za upasuaji. Hatuwezi kulitekeleza azimio hilo kwa majengo peke yake.

Lipo pia somo la kuacha. Wapo wagonjwa ambao hatutawaokoa hata tukifanya yote, na vijana wetu wanaachwa peke yao kuwaambia ndugu, korido nzima ikisikiliza. Wafundishwe kukaa chini na familia, kusema ukweli kwa lugha ya heshima, na kumwondolea anayeondoka maumivu na kiu ya hewa. Hakuna aliyenifundisha hilo chuoni, na sidhani wengi wenu mlifundishwa.

Waheshimiwa, madaktari tarajali na wauguzi wapya wanaendelea kuripoti katika hospitali zetu. Kabla ya kundi lijalo, naomba mabaraza mawili mkae kikao cha pamoja, ajenda ikiwa moja: huduma za msingi kwa mgonjwa mahututi ziwe sharti la usajili, zipimwe kwa vitendo, na muuguzi apewe mamlaka ya kuzianza. Waiteni wauguzi wa zamu za usiku wawaeleze wanayoyaona. Waiteni walimu wa wodini. Tutakuja kwa nauli zetu, tutawaandikia rasimu, na tutajitolea kuifanyia majaribio katika wodi zetu. Tunachohitaji kutoka kwenu ni tarehe ya kikao.

Wenu katika kazi,

Daktari na mwalimu wa wodini
Dar es Salaam